Mke wangu aliuliza swali moja kuhusu Starlet, nikakosa jibu

Salaam aleikum, Mzee Fundi.

Mimi ni mkazi wa Bombo, Uganda, umri wangu miaka 33, nina mke na watoto wawili. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa magari jeshini. Alipostaafu alibaki na kitu kimoja tu cha thamani, Toyota Starlet ya mwaka 1981, ile KP61 ya kibuti kifupi yenye mlango wa nyuma, injini 4K. Nilijifunza kubadilisha plagi kwenye gari hilo kabla sijajua kuendesha baiskeli. Mwaka 1999, mwaka ule Charles Muhangi alipochukua ubingwa wa rali wa Afrika, baba alinibeba begani kwenda kuona magari ya mbio yakipita. Nilirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye meno, na tangu siku hiyo sijapona.

Baba alifariki miaka minne iliyopita na gari likabaki kwangu. Niliamua kuligeuza gari la mashindano, hapa hapa nyumbani, chini ya kibanda cha mabati nilichojenga nyuma ya nyumba. Kwa miaka miwili nimekuwa nikishuka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kila nikipata pesa. Nimenunua injini ya 4A-GE iliyotoka kwenye Corolla, giaboksi yake na kabureta pacha. Jumla nimetumia kama milioni tisa. Injini imekaa juu ya tairi la lori, nimeifunika blanketi. Bodi yenyewe sijaigusa, zaidi ya kutoa viti.

Sasa akiba imeisha. Fundi mmoja wa Katwe, Kampala, ameniambia atanitengenezea kizimba cha chuma cha ndani, kile cha kumlinda dereva gari likipinduka, kwa paipu za maji, zile za mabati, kwa shilingi 800,000 na siku mbili tu. Bado sijanunua shokabu, kiti, mikanda wala matairi. Nina kiwanja cha futi 50 kwa 100 Wobulenzi, tulinunua pamoja na mke wangu, na nimekuwa nikifikiria kukiuza ili nimalize gari mwaka huu. Kaka yangu mkubwa anasema niuze gari lenyewe. Amekuja mtu kutoka Kenya anayetafuta magari ya zamani, na bei aliyotaja ni nzuri.

Mke wangu hagombi. Ni mtu mkimya. Jioni moja aliniletea chai kibandani, akautazama mchoro wa kizimba niliokuwa nimeuchora kwenye daftari la mtoto, akaniuliza: "Baba Zahra, gari likipinduka, hiki kizimba kitasimama juu ya nini?" Sikuwa na jibu. Nikakasirika, nikamwambia haya mambo si ya jikoni. Sasa ni wiki ya pili tunaongea habari za watoto tu.

Mzee, niuze kiwanja? Zile paipu zinafaa? Au kaka yangu ana haki, naota ndoto ya marehemu?

Mwenye Starlet, Bombo

* * *

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, hata kama miaka imepita.

Nianze na yasiyohitaji maelezo marefu. Kiwanja usiuze. Gari usiuze. Paipu za maji usizikubali hata ukipewa bure.

Sasa nije kwa mama Zahra, maana katika barua yako nzima yeye ndiye aliyeongea kama fundi. Swali alilokuuliza ndilo swali la mkaguzi wa mashindano, yule anayeinama kwenye mlango wa gari lako na tochi mkononi kabla hujaruhusiwa kuanza. Wewe umechora paipu. Yeye ametazama chini ya paipu. Kizimba kina miguu, na miguu inakanyaga sakafu ya gari, na sakafu ya Starlet ni bati jembamba la mwaka 1981. Gari likitua juu ya paa, uzito wake wote unapitia kwenye ile miguu. Mguu uliochomelewa kwenye bati tupu unapenya kama msumari kwenye kopo la blubendi.

Hili nimeliona kwa macho yangu, na mkono ulioshika mashine ya kuchomelea ulikuwa wangu. Nilikuwa kijana, gereji moja Jinja, tukatengeneza kizimba cha gari la mteja. Paipu zilikuwa nzito, maungio mazuri, nikajisifu. Miguu tuliikalisha moja kwa moja kwenye sakafu kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Gari lilipinduka mara moja tu, kwa mwendo mdogo, kwenye kona katikati ya mashamba ya miwa. Tulipofika lilikuwa limelala kichwa chini, na mguu wa kushoto wa kizimba umetokeza nje ya sakafu, umeelekea juu kama kisiki. Kizimba hakikupinda hata kidogo. Sakafu ndiyo iliyokiachia, paa likamshukia dereva. Alivunjika mtulinga, akapona. Mpaka leo nikikuta mguu wa kizimba hauna bamba chini yake, mwili unanisisimka.

Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, ambazo nchi wanachama wanazifuata, zinataka kila mguu ukae juu ya bamba la chuma lisilopungua milimita 3 unene na sentimita 120 za mraba, yaani kama sentimita 10 kwa 12, lililochomelewa kwenye bodi. Lipinde lipande kwenye kizingiti cha mlango pia, lisilale sakafuni peke yake. Lakini hata bamba hilo ni kazi bure kama chuma kinacholizunguka kimeliwa na kutu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haihitaji shilingi. Inahitaji sumaku, bisibisi na magoti.

Toa zulia. Chini yake utakuta vipande vya lami vilivyobandikwa kuzuia kelele. Vibandue kwa patasi, maana maji hujificha hapo hapo. Kisha funga sumaku kwenye kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye vizingiti vya milango, kwenye kingo za matao ya magurudumu, na kuzunguka mlango wa nyuma ambapo mpira hushika maji. Pale sumaku inapolegea na kuanguka, chini ya rangi kuna bodifila, chuma kimeondoka zamani. Fungua bonneti uangalie vile vichwa viwili ambako shokabu za mbele zinajifunga, na kitako cha betri, kwa kuwa asidi hula. Kisha lala chini, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kadibodi, na ncha ya bisibisi inaingia. Kila palipooza panakatwa hadi kwenye chuma cheupe, panawekwa bati jipya. Usipake lami juu yake ukaita matengenezo.

Na kabla hujalala chini: gari likae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake, si matofali. Tofali letu la kuchoma hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Sasa paipu. Paipu ya maji imekunjwa kutoka kwenye bati na kuchomelewa mshono kwa urefu wake, na imetengenezwa kushika maji, haikutengenezwa kushika gari linalobingirika. Ukiipinda kona kali inabonyea kama mrija wa soda. Tena ina zinki juu yake. Ukiichomelea inatoa moshi mweupe, na usiku ule ule fundi anatetemeka kwa homa akidhani ni malaria. Kinachotakiwa ni paipu ya chuma isiyo na mshono, iliyovutwa baridi. Upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti, uwe wa kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 na unene wa 2. Paipu nyingine zinaruhusiwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Nenda kwa wauzaji wa chuma, omba uonyeshwe karatasi ya kiwanda. Na wewe mwenyewe ingiza kidole kwenye mdomo wa paipu, zungusha ukucha ndani polepole. Ukihisi mstari, hiyo ina mshono, irudishe.

Paipu ipindwe ikiwa baridi, bila kuchoma moto, na nusu kipenyo cha kona yake kisiwe chini ya mara tatu ya kipenyo cha paipu. Baada ya kupinda pima kwa kalipa pale penye kona: upande mwembamba ukiwa chini ya asilimia 90 ya upande mpana, paipu imebonyea, haifai tena. Wale wa Katwe siwadharau hata kidogo. Wapo mafundi pale wanaotengeneza mashine nzima kutoka kwenye vyuma chakavu, na mtu kama huyo ukimpelekea paipu sahihi na vipimo vilivyoandikwa atakufanyia kazi nzuri. Siku mbili ndizo zinazonitia shaka. Kizimba cha gari dogo kinajaribiwa ndani ya gari, kinatolewa, kinasagwa kidogo, kinarudishwa, mara nyingi mno. Kinatakiwa kipite karibu kabisa na paa na nguzo za milango. Kila sentimita unayokiacha mbali na nguzo ni sentimita kiliyosogea kwenye kichwa chako.

Hapo ndipo utakutana na tatizo ambalo mafundi wengi hulikwepa. Kila ungio lazima lichomelewe kuzunguka lote, na sehemu ya juu ya maungio ya juu imebanwa na paa, mkono haupiti. Wengine huchomelea upande unaoonekana, wanapaka rangi, basi. Njia ya kweli ni hii: shikiza kizimba kikiwa mahali pake kwa vidoto vya kuchomelea, kisha kata matundu kwenye sakafu chini ya kila mguu, ukishushe kizimba kizima kwa kiganja kimoja au viwili. Sasa kuna nafasi juu, unachomelea mzunguko mzima ukiona unachofanya. Ukimaliza unakipandisha, unayafunika matundu kwa yale mabamba ya milimita 3, na miguu inakaa juu yake. Kazi moja imejibu maswali mawili, la mkaguzi na la mama Zahra.

Wakati wa kuchomelea, tangi la mafuta liwe limetolewa na kupelekwa mbali na kibanda, betri na altaneta zimefunguliwa waya, vioo vimetolewa kwa sababu cheche hutoboa kioo vidoadoa visivyofutika, na mtu wa pili asimame na kizimamoto akitazama upande ambao wewe huoni. Msimu wa mvua, chuma ulichokisugua asubuhi kina kutu jioni. Kipake praima siku hiyo hiyo.

Gari lako lina jambo lake jingine, kwa sababu ya ule mlango wa nyuma. Gari la buti lililojitenga lina ukuta wa chuma kati ya mizigo na abiria. Starlet haina, ukifungua mlango wa nyuma unaona hadi kwenye usukani. Kwanza, lile pengo kubwa nyuma linaifanya bodi ijinyonge kwenye mashimo, ndiyo maana zile paipu mbili za kizimba zinazoelekea nyuma zifike juu ya shokabu za nyuma, zisiishie katikati ya sakafu. Pili, chochote utakachoweka kule nyuma uko nacho chumba kimoja. Ukihamishia betri huko, iwe ndani ya boksi lililofungwa kwa bolti. Ukiweka tangi la mafuta, lifungiwe ndani ya kasha lisilovuja na lisiloshika moto, na mdomo wa kujazia usitoe mvuke ndani. Nimeona vijana wakikata ule mlango na kuweka plastiki ili gari liwe jepesi wakati dumu la mafuta limefungwa kamba nyuma ya kiti. Sitaki kukuona hivyo.

Breki nakupitishia haraka kwa kuwa baba yako alikufundisha. Badilisha mipira yote, mafuta mapya ya breki kutoka kwenye kopo lililofungwa maana yaliyokaa wazi yamekunywa maji na yatachemka, na uhakikishe mbele na nyuma ni njia mbili tofauti. Kiti na mikanda nunua vyenye lebo ya FIA ambayo muda wake haujapita. Mitumba ya mikanda usinunue. Uzi huchoka kwa jua bila kuonyesha. Na usilishushe gari chini kama ulivyoona kwenye picha za Ulaya. Barabara zetu za vumbi zinataka gari lisimame juu, na bamba nene chini ya injini.

Sasa injini uliyoifunika blanketi. Najua inavyouma, milioni tisa si mchezo. Lakini umenunua mwendo kabla ya kununua breki. 4K yako ya cc 1290 haifikishi nguvu farasi 80. Ile 4A-GE ya cc 1587 yenye valvu 16 inapita 110, tena ni nzito zaidi mbele. Ukiiweka leo, kila kitu kingine kwenye gari hilo kinakuwa kidogo: breki, ekseli, springi, na dereva mwenyewe. Nakushauri uanze na 4K. KP61 ilitengenezwa 1978 hadi 1984, na ndiyo Starlet ya mwisho kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni nyepesi, inageuka kwa mguu wa mafuta, na inamfundisha dereva adabu kuliko gari lenye nguvu nyingi. Mwaka 1987 Kenneth Eriksson alishinda Rali ya Kodivaa, raundi ya ubingwa wa dunia, kwa Volkswagen Golf GTI, kigari cha mlango wa nyuma kinachovutwa na magurudumu mawili ya mbele. Huko ni Afrika, kwenye njia ngumu kuliko zetu.

Kabureta pacha ziuze. Zina soko, zinauzika wiki moja, na pesa yake ndiyo chuma cha kizimba. Injini iache. Mwagia kijiko cha oili kwenye kila tundu la plagi, uizungushe kwa mkono kila mwezi ili ringi zisigande, na uzibe matundu ya kuingizia hewa kwa matambara safi. Panya wa Bombo wanapenda joto la blanketi.

Lakini kabla ya yote hayo, fika kwenye ofisi za FMU, shirikisho linalosimamia michezo ya magari Uganda, uchukue kanuni za mwaka huu, uulize gari lako linaingia kundi gani. Kuna ubingwa wa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili tu, ndio wako. Uliza tofauti ya rali na mbio fupi za uwanjani kama za Busika, ambayo iko wilaya yako hiyo hiyo ya Luweero. Tofauti ni pesa. Gari la rali linapita barabara za umma kati ya hatua moja na nyingine, kwa hiyo linahitaji taa, bima na karatasi kama gari lolote, pamoja na msoma ramani mwenye kiti chake na mikanda yake. Gari la uwanjani unalipakia kwenye lori. Kwa mfuko wako, mwaka wa kwanza ni Busika.

Kuhusu kaka yako, mshukuru kwa kukujali, mwambie gari haliuzwi, basi.

Kuhusu kiwanja, nimesoma vizuri ulivyoandika: "tulinunua pamoja." Hicho si chako kuuza. Ukikiuza utakuwa na gari lililokamilika na nyumba yenye ufa, na kila mlio wa injini utamkumbusha mama Zahra ardhi ya wanawe. Gari hili ni la miaka mitatu, si la mwaka huu, na hakuna anayekufukuza. Fungua daftari, jipya, si la mtoto. Upande mmoja andika kinachoingia, upande wa pili kinachotoka, na mwenzako awe na kalamu yake. Mkikubaliana kiasi cha mwezi, hata kama ni bei ya paipu moja, hicho ndicho kiasi.

Ile kauli ya jikoni kaiombe radhi. Usiombe ukiwa umekaa sebuleni. Jumamosi asubuhi, zulia likiwa limeshatoka, mwite kibandani na umpe tochi. Mwambie: uliniuliza kitasimama juu ya nini, njoo tuangalie. Mpe bisibisi agonge mwenyewe. Zahra naye aje. Susan Muwonge alichukua ubingwa wa taifa wa rali mwaka 2011, kwa hiyo usimwambie mtoto asogee pembeni.

Kuota ndoto ya marehemu si kosa, mwanangu. Baba yako angekuwa hai angeanza na sakafu, na wewe unajua hivyo, ndiyo maana swali la mkeo lilikuchoma. Chukua chaki, zungushia kila mahali sumaku itakapoanguka, uandike na vipimo vyake. Kisha nitumie picha za pale miguu minne ya mbele na ya upinde mkuu itakapokaa, kabla hujakata chochote.

Mzee Fundi